Ubao Ulilala Wapi Jana? Mjadala wa Sanduku la Chatu

Chatu wa ngoma huonekana hadharani kwa muda mfupi sana. Mavuno yakishaingia ghalani, vikundi vya Wagika na Wagalu huanza kushindana viwanjani kote Usukumani, na siku za tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, umati husukumana ili kumwona mchezaji aliyejizungushia nyoka shingoni. Ngoma ikiisha watu hutawanyika, na nyoka hurudi sandukuni. Miezi inayofuata hakuna anayemuulizia. Kuanzia Kishapu na Shinyanga mjini, kupita Kahama hadi Geita, maisha yake hutegemea vitu visivyopigiwa makofi na mtu: kuta, sakafu, matundu ya hewa na komeo. Mjadala huu unahusu vitu hivyo. Nimeupanga kwa sauti za watu ambao kazi au makazi yao huwakutanisha na sanduku la nyoka: manju wa ngoma, kijana wa plenti (kiwanda cha kuchenjulia dhahabu), fundi seremala, mtazamaji, jirani na ofisa wanyamapori. Sauti hizo nimezitunga mwenyewe ili kila hoja ipate mtetezi wake. Hoja yangu mimi ni moja. Katika ukanda huu wa dhahabu, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu ubao ni historia yake: ulilala wapi jana, ulipakwa nini, ulibeba nini. La pili ni kama unaweza kuoshwa ukakauka. Ugumu, bei na urembo vije baada ya hayo mawili.

Manju anatangulia, kama umri wake unavyompa haki. "Mwanangu, Wayeye walicheza na nyoka kabla plaiwudi haijafika nchi hii. Walikuwa na vikapu, vyungu na vibuyu, magunia yakaja baadaye. Leo mnatuletea habari za vanishi na silikoni kana kwamba wazee hawakujua walichokuwa wakifanya."

Kuhusu ujuzi wa wazee, manju hana wa kumpinga. Mwaka 1946 Hans Cory, aliyekuwa akichunguza mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika, alichapisha makala nzima kuhusu Buyeye katika jarida la Africa, akikieleza kuwa chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukumani. Chama cha namna hiyo huwa na masharti, dawa na mafunzo; hakiendeshwi na watu wanaobahatisha. Na kikapu chenyewe kina sifa ambazo sanduku la kisasa linapaswa kuziiga: kina giza ndani, kinapitisha hewa, na kinambana nyoka kiasi cha kumtuliza. Nyoka anayehisi ukuta ubavuni mwake hutulia. Anayeachwa peupe hutafuta pa kutokea usiku kucha. Ila kikapu ni chombo cha kubebea, na tatizo huanza pale kinapogeuzwa kuwa nyumba. Mkojo wa nyoka hutoka kama chokaa nyeupe, hukauka na kushika kwenye msuko, na hakuna brashi inayoufikia wote. Utitiri, wale wadudu wadogo weusi wanaomnyonya nyoka damu chini ya magamba, hutaga na kujificha humo humo. Gunia likilowa hubaki na unyevu, na nyoka anayelalia unyevu siku baada ya siku hutokwa malengelenge tumboni, kisha magamba huanza kuoza. Kwa hiyo manju aendelee na chombo cha safari, tena Shinyanga ni nchi ya pamba: mfuko wa kitambaa cha marekani, wenye mishono iliyogeuzwa nje ili nyuzi zisimnase nyoka, ni bora kuliko kiroba cha nailoni kisichopitisha hewa. Watu wanaohamisha nyoka duniani kote hutumia mfuko wa namna hiyo hiyo. Safari ya siku moja inautosha. Miezi kumi haiutoshi.

Sauti ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu haina ubaya wowote ndani yake. Kijana wa plenti anasema: "Kaka, mbao ziko bure. Kwetu kuna maboksi ya plaiwudi yaliyokuja na sayanaidi, makavu na yamenyooka. Kuna mapipa. Kwenye maduara yaliyoachwa kuna matimba magumu kuliko mbao za dukani. Mchanga wa marudio umesagwa laini, unatandazwa sakafuni vizuri. Mtu anunue kwa nini?"

Tufuate njia ya dhahabu hatua kwa hatua, kwa kuwa jibu limo humo. Mawe hutoka duarani, hupita kwenye karasha, unga wake huoshwa mialoni, na zebaki humwagwa ili ikamate chembe za dhahabu. Kinachobaki ndiyo marudio, nayo hupelekwa plenti na kulowekwa katika matangi yenye sayanaidi ili dhahabu iliyokwepa zebaki itolewe. Kifaa chochote kilichopita kwenye mnyororo huo kinaweza kuwa kimegusa sumu moja au zote mbili. Sayanaidi ngumu mara nyingi husafirishwa ikiwa katika mfuko mkubwa wa tani moja ndani ya boksi la plaiwudi, au katika mapipa ya chuma. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sayanaidi, ambayo migodi mikubwa duniani huifuata, inataka vyombo hivyo vikishakuwa vitupu visitumike kwa jambo jingine lolote: mapipa yasuuzwe mara tatu kisha yapondwe, na maboksi ya mbao yateketezwe au yaharibiwe kwa njia salama. Sharti hilo halikutoka hewani. Chumvi ya sayanaidi ikikutana na unyevu na hewa hutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi, na gesi hiyo huzuia seli za mwili kutumia oksijeni. Sasa fikiria sanduku la nyoka lilivyo: limefungwa, lina matundu machache, lina bakuli la maji, lina mkojo, na usiku hujaa mvuke. Mtu aliyetaka kuitoa sumu iliyojificha ndani ya ubao asingepata mazingira bora kuliko hayo.

Kijana atanijibu kwamba boksi lilioshwa. Naamini lilioshwa. Lakini plaiwudi ni tabaka za mbao zilizobandikwa kwa gundi, na maji huingia kwa kupitia kingo na matundu ya misumari, yakibeba kilichoyeyuka ndani yake. Unaposugua uso wa juu hujui kilichobaki kwenye tabaka la tatu, na jicho halitakuambia. Bati la pipa unaweza walau kulisuuza, ingawa hata hilo kanuni inataka lipondwe. Ubao haukupi nafasi hiyo. Mchanga wa marudio nao una kisa chake. Zebaki haihitaji moto ili iwe mvuke. Huvukiza hata katika joto la kawaida la chumba, na joto likipanda huvukiza zaidi. Chatu anahitaji upande wenye joto la nyuzi 30 hadi 32, na hutumia maisha yake kidevu kikiwa sakafuni na ulimi ukigusa kila kitu. Kumtandikia marudio ni kumpa hewa ya zebaki mchana na usiku. Rwamagasa, katika mkoa wa Geita, palikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la UNIDO mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hatari ya zebaki katika uchimbaji mdogo imekwisha kujadiliwa kwa kina. Kilichobaki ni watu kukubali kwamba inahusu pia mchanga unaobebwa kwenye ndoo kupelekwa nyumbani.

Na hapa nyoka si mhusika peke yake. Mnyama huyu hutolewa sandukuni akavishwa shingoni mwa mtu anayetoka jasho chini ya jua. Watoto humgusa mgongo. Mwenye kumtunza huingiza kichwa ndani ya sanduku anaposafisha. Kilichoshika kwenye magamba na kilichojaa kwenye hewa ya sanduku huingia kwa binadamu kabla hata nyoka hajaonyesha dalili ya kuumwa. Kuhusu matimba sihitaji hoja ya sumu. Matimba ndiyo yanayoshikilia kuta za duara lisianguke. Anayeingia kwenye duara lililoachwa kuyang'oa anaweka uhai wake rehani kwa ajili ya mbao za kupigia fremu.

Swali la historia ya ubao halikomei kwenye plenti. Mbao za kupaulia zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa dhidi ya mchwa na kuoza, na dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo huundwa kwa shaba, kromiamu na arseniki. Kwenye paa, mita tatu juu ya vichwa vyetu, inafanya kazi yake. Ndani ya sanduku ambamo mnyama anaukwaruza ubao kwa tumbo kila siku, haifai. Hivyo hivyo oili chafu ya magari, ambayo watu wengi hupaka kwenye nguzo na miguu ya vitanda. Inazuia mchwa, kweli, lakini imebeba mabaki ya metali za injini na harufu isiyokwisha. Mchwa anaweza kuzuiwa bila sumu: sanduku likiinuliwa juu ya matofali, liachwe nafasi kati yake na ukuta, na uvungu wake ufagiliwe, njia ya udongo ya mchwa itaonekana mapema na kubomolewa. Muuzaji asiyeweza kukueleza ubao wake umetoka wapi, muage kwa heshima, uende kwa mwingine.

Fundi seremala wa Kahama amesikiliza kwa uvumilivu, sasa anaweka randa chini. "Mkubwa wangu, mimi nitakutengenezea kwa MDF yenye melamini nyeupe, ing'ae kama kabati la jikoni. Ukitaka zaidi, kioo pande zote. Na ukiwa na hela ya kutosha, mninga. Hiyo ndiyo mbao, mchwa hauli."

Tuanze na MDF. Ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na kabatini inakaa miaka kwa sababu kabati halimwagiwi maji. Nyoka humwaga bakuli lake la maji mara kwa mara, tena chatu hupenda kulala ndani ya bakuli lenyewe. Maji yakipenya kwenye ukingo mmoja uliokatwa bila kuzibwa, ubao huvimba, skrubu hulegea, na bawaba ya mlango hutoka na vumbi lake. Mlango uliolegea kwenye kabati ni kero; kwenye sanduku la chatu ni njia ya kutokea. Kioo nacho nakikubali upande mmoja tu, mbele. Pande nne za kioo humweka nyoka peupe bila pa kujificha, hupoteza joto haraka usiku wa Juni na Julai ambapo upepo wa Shinyanga hukata, na mchana jua likipita dirishani hugeuza sanduku kuwa tanuri. Halafu kuna uzito, na kuna barabara ya vumbi kwenda kwenye ngoma.

Mninga unahitaji jibu la kina zaidi, maana sifa anazoupa fundi ni za kweli. Ni mgumu, hautanuki ovyo, unakubali vanishi. Lakini hukua taratibu katika miombo ya Tabora na Kahama, na kuuvuna kihalali kunahitaji kibali kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Shinyanga inajua gharama ya kukata bila kuhesabu. Miti ilifyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, ardhi ikabaki wazi, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kuwasaidia wananchi kurudisha ngitili zao. Zile hifadhi za malisho ambazo wazee walikuwa wakizifunga wakati wa masika na kuzifungulia kiangazi zimerudisha vichaka, na vichakani nyoka wamerudi. Kukata mti wa miombo ili kumjengea sanduku mnyama ambaye nyumba yake halisi ni hicho kichaka ni hesabu isiyofungika. Mninga wa kabati la zamani lililovunjika, lenye historia inayojulikana, huo nautetea kwa moyo wote. Mninga mpya kwa kazi hii, hapana.

Fundi akiuliza nimependekeza nini basi, jibu ni marine bodi, zile mbao bapa zenye uso mweusi laini ambazo mafundi ujenzi huzitumia kumwagia zege. Zinunuliwe mpya, au zichukuliwe kwenye ujenzi unaoufahamu, zisizopakwa oili. Uso wake hauingizi maji na unafutika kwa kitambaa. Udhaifu wake uko kwenye kingo, kwa hiyo kila ukingo uliokatwa upigwe msasa na kupakwa sanding sila mara mbili kabla ya kuungwa. Bapa moja ni futi 8 kwa 4. Sanduku la urefu wa futi 8, kina cha futi 2 na kimo cha futi 2 linahitaji bapa mbili kwa ajili ya sakafu, dari, mgongo na uso, pamoja na kipande cha futi 2 kwa 4 cha kutoa mbavu mbili. Chatu wa mita mbili na nusu anaweza kujinyoosha humo kwa mshazari. Tumia skrubu badala ya misumari, kwa kuwa misumari husukumwa nje taratibu na mnyama mwenye nguvu za chatu. Ndani, pembe zote zipitishiwe mstari wa silikoni, uchafu usipate ufa wa kuingia. Sakafuni tandika kapeti la plastiki linalotoka kipande kizima, juu yake magazeti. Maranda ya paini mbichi yenye utomvu yaachwe, na mbao zenye harufu kali kama mtarakwa na mkaratusi vilevile, kwa kuwa mafuta yake huwasha njia ya hewa ya mnyama aliyefungiwa nayo. Matundu ya hewa yatobolewe kwa keekee, upana wa milimita 5 yasizidi, upande mmoja chini na upande wa pili juu, hewa iingie huku itoke kule. Nyoka hupita popote kichwa chake kinapopita.

Nitaongeza jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Vanishi na thina hukauka juu kwa siku moja, lakini huendelea kutoa mvuke kwa muda mrefu. Funga sanduku usiku kucha, asubuhi fungua mlango ukaweke pua ndani. Kama harufu inakujia, bado. Rudia hadi usikie harufu ya mbao tu.

Watazamaji wanaingilia: "Sisi tunataka kumwona. Weka waya wa kuku mbele, hewa ipite na watu wafurahi." Hoja hii ni fupi na jibu lake ni fupi. Nyoka husukuma kwa pua. Akikuta waya atausukuma usiku mzima mpaka magamba ya mdomo yachubuke, kidonda kiingie vijidudu na mdomo uoze kwa ndani. Waya wa mbu humchubua polepole zaidi, na chatu mkubwa huupasua. Anayetaka kuona aangalie kupitia kioo cha mbele, kinene, kilichoingizwa kwenye mfuo wa mbao pande zote, na kiwe na pazia la kitambaa siku ambazo hakuna wageni. Kwa kuta, bati halifai kabisa: mchana halishikiki, usiku ni baridi kama chuma chochote. Kwa chatu wa mita tatu na zaidi nadhani hata marine bodi imefika mwisho wa uwezo wake. Huyo ajengewe chumba cha matofali, kilichopigwa plasta laini ndani hadi pembeni, chenye mlango wa mbao nzito. Ukuta mnene wa tofali hupokea joto la mchana na kulitoa usiku, na huo ndio utaratibu ambao mwili wa nyoka, usiojitengenezea joto lake, unauhitaji.

Jirani, mama mwenye watoto, amenyamaza hadi hapa. Sasa anasema: "Baba, mimi ubao wako haunihusu. Nyoka akitoka, kwangu ndiko atakakopita kwanza. Umezungumza weee kuhusu afya yake. Afya ya wanangu je?"

Mama huyu amegusa mahali ambapo hoja yangu ingeweza kupotoka. Nilipanga historia ya ubao kwanza na usafi pili, na nitaushikilia mpango huo kwa upande wa malighafi. Ila sanduku si malighafi pekee, na komeo haliwezi kungoja nafasi ya tatu. Mlango uwe na kufuli mbili, juu na chini, na funguo zikae kwa mtu mmoja mzima. Bawaba ziwe ndani, skrubu zake zisifikike kwa nje. Sanduku likae ndani ya chumba kinachofungwa, chenye mlango usio na uwazi chini. Na nieleze wazi kitu ambacho wengine wangependa kukificha: yote niliyoyaandika yanamhusu chatu, asiye na sumu. Kifutu na swila hawamo. Swila hutema sumu machoni kupitia uwazi wowote unaomruhusu kukuona, na kifutu huuma kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwahi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, likikadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kwayo kila mwaka duniani. Walio wengi ni watu wa vijijini, walio mbali na hospitali yenye dawa ya kuzima sumu. Vituo vyenye uzoefu vya kanda yetu, Meserani nje ya Arusha na Bio-Ken ya Watamu nchini Kenya, vimeweka utunzaji wa nyoka bega kwa bega na huduma kwa walioumwa. Nyumba ya kupanga Katoro au Kahama haina huduma hiyo. Hakuna ubao, hata uwe safi namna gani, unaomhalalisha kifutu uani kwa watu.

Mwisho ofisa wanyamapori anafungua faili lake. "Ndugu mwandishi, unawafundisha watu kujenga jela, halafu unawashauri rangi ya ukuta. Chatu ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali. Ukiwaonyesha jinsi ya kujenga, unawavuta waende porini kukamata."

Huu ndio upinzani mzito kuliko wote, na sehemu kubwa ya kauli yake naikubali. Chatu yuko pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini au wanaoweza kufika huko. Sanduku zuri halimpi mtu haki ya kumiliki nyoka, na asiye na kibali hana sababu ya kununua hata skrubu moja. Ninapotofautiana naye ni kwenye neno kuvuta. Ngoma za nyoka zipo Usukumani tangu kabla ya sheria yenyewe, na nyoka wa ngoma watahifadhiwa mahali fulani, tuandike au tunyamaze. Tukinyamaza, watahifadhiwa kwenye boksi la sayanaidi kwa sababu lilikuwa bure. Zaidi ya hapo, ofisa mwenyewe anahitaji maarifa haya. Chatu aliyetolewa kwenye banda la mbuzi na kungoja kurudishwa porini, au aliyenyang'anywa mtu asiye na kibali, hulazwa mahali usiku huo, na mahali penyewe mara nyingi ni pipa au kreti iliyookotwa karibu. Kibali kikizingatia mnyama na mwombaji tu, bila kukagua sanduku, kimeacha nusu ya kazi.

Ningependa ukaguzi huo uwe wa kawaida na wa mkono. Mwombaji aonyeshe risiti ya mbao zake, na kama ni mbao za miti ya asili, aonyeshe karatasi ya misitu pamoja nayo. Sanduku lifungwe usiku mmoja likiwa tupu na bakuli la maji ndani, kisha lifunguliwe mbele ya ofisa na linuswe. Kipimajoto kiwekwe kila upande, kisomwe saa nane mchana na tena saa kumi na moja alfajiri, ili ijulikane kama kuna upande wa joto na upande wa ubaridi kwa saa zote. Bakuli limwagwe kusudi, sakafu ifutwe, na siku ya tatu ubao ukaguliwe kama umevimba ukingoni. Kufuli zijaribiwe na mtu asiyezijua. Hayo yote yafanyike nyoka akiwa bado porini au mikononi mwa mamlaka, kwa sababu sanduku likishindwa jaribio lolote kati ya hayo, ni rahisi kulivunja na kuanza upya likiwa tupu.